Mkitaka Kukopa, Anzeni na Mashamba Yenu

Kiongozi wa klabu anayetaka kukopa aanze kuweka rehani shamba lake la kahawa. Aweke nyumba anayolala na wanawe, aweke kadi ya pikipiki, aweke na ile Noah inayobeba abiria kwenda Mlowo. Akishamaliza vyake, na benki ikasema bado haitoshi, ndipo aje mbele yetu na hati ya mali ya klabu. Atusomee mkataba kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, tumuulize maswali mpaka jua lizame, kisha tupige kura. Akifanya kinyume cha hapo ni wizi. Utakuwa na mhuri, utakuwa na wakili, utakuwa na picha ya wakubwa wakipeana mikono mbele ya waandishi wa habari, lakini ni wizi.

Najua nitakavyochekwa. Itaka kuna klabu gani ya kuwekwa rehani? Timu zetu za kata zina kiwanja chenye mteremko, seti ya jezi aliyoiacha mgombea wa uchaguzi uliopita, na mweka hazina ambaye fedha za timu ziko kwenye simu yake pamoja na fedha za mbolea. Benki gani itatuma ofisa wake kuja kuthamini magoli ya miti? Chekeni, kisha mnisikilize. Yanga ilipozaliwa mwaka 1935, na Simba mwaka mmoja baadaye, hazikuwa na cha kuthaminiwa pia. Zilikuwa vijana na mpira. Majengo ya Jangwani na Msimbazi yalikuja baadaye, na pale Kariakoo kipande cha ardhi cha ukubwa wa ua wa nyumba yako leo hukinunui hata ukiuza kahawa ya kijiji kizima. Mali huja kimyakimya. Siku mnapogundua kwamba kiwanja chenu kimekuwa cha thamani, kuna mtu aliyegundua kabla yenu, na karatasi anazo tayari.

Na sisi wa Mbozi karatasi tunazijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilipopitishwa mwaka 1999, wilaya yetu ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya majaribio. Hati miliki za kimila zilianzia huku, na masjala ya ardhi ya kijiji cha Halungu ilikuja kutembelewa na wageni wa kila aina waliotaka kuona maajabu ya mkulima mwenye cheti cha shamba lake. Tuliambiwa cheti hicho ni dhamana, tutakopa nacho, tutaendelea. Wako waliokopa wakaendelea. Wako waliokopa wakafilisika. Kwa hiyo mtu wa huku hahitaji kufundishwa rehani ni nini. Anajua kwamba benki haikupi fedha kwa sababu inakupenda. Inakupa kwa sababu imeona kitu chako cha kuchukua. Anajua ilani ya siku 60. Anajua sura ya dalali.

Sheria hiyohiyo ya nchi, ambayo tunailaumu kwa mengi, imefanya jambo moja la busara. Mume hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Iko kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ikakaziwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Benki zenyewe zinaogopa, kwa sababu zimeshapelekwa mahakamani na wake ambao walisikia habari ya mkopo siku tangazo la mnada lilipobandikwa mlangoni. Leo ukienda kukopa kwa hati ya nyumba, swali la kwanza ni hilo: mwenzako yuko wapi, aje atie saini.

Basi nauliza. Mke mmoja mwenye nyumba moja amelindwa hivyo, na amelindwa vizuri. Wanachama elfu kumi wa klabu, waliochangia tofali kwa tofali, baba zao na babu zao wakachangia, wamelindwa na nini? Na katiba ambayo mwenyekiti anaibadilisha kila anapohisi upepo umegeuka? Na bodi ya wadhamini ambayo wengine kati yao hawakumbuki kama bado ni wajumbe? Saini tatu zinatosha kutoa hati kabatini. Nyie mliolipa ada mtasikia kwenye redio.

Hapa kwetu kuna jina la biashara hii. Ni magoma. Mtu wa Dar es Salaam huenda haelewi, Mhaya wa Kagera ataelewa kwa sababu wao wanaiita butura. Kahawa iko juu ya mti, kijani, haijaiva. Mwezi ni Januari au Februari, ghala limebaki na vumbi, mtoto amerudishwa shule. Anakuja mtu na fedha taslimu. Anazunguka shambani, anakadiria kwa macho, anakulipa sehemu ndogo ya kile ambacho ungepata kwenye mnada wa Bodi ya Kahawa ukisubiri miezi michache. Unapokea. Wiki mbili unakula vizuri. Ukifika msimu, wewe ndiye unayepalilia, wewe unayepulizia dawa, wewe unayevuna, na kahawa si yako. Serikali imepiga marufuku, wakuu wa wilaya wamekemea kwenye mikutano, na magoma yapo, kwa sababu njaa haisomi tangazo.

Klabu ya mpira inayouza mapato yake ya kesho imejiuza kwa magoma. Sina maneno mengine ya kulieleza jambo hili.

Nendeni Glasgow mkaone. Mei 2011 klabu ya Rangers, moja ya klabu kubwa kabisa za Uskoti, ilinunuliwa na Craig Whyte kwa pauni 1. Msirudie kusoma, nimeandika moja. Pamoja na pauni hiyo aliahidi kulipa deni la benki, kama pauni milioni 18. Akalilipa kweli. Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwa kampuni iliyoitwa Ticketus, ambayo ilimpa zaidi ya pauni milioni 20 ili ichukue tiketi za msimu za miaka ya mbele. Mashabiki ambao walikuwa bado hawajanunua tiketi walikuwa wameshauzwa. Mti ulikuwa na maua tu. Februari 2012 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na kufikia katikati ya mwaka ikawa wazi kwamba kampuni iliyoiendesha itafilisiwa, kodi ya serikali haijalipwa, timu ikaanza upya daraja la nne kwenye viwanja vya vijijini. Mashabiki walijaza viwanja hivyo. Wao hawakuwa wamekopa hata senti.

Vijana wetu wanaoingia kibanda umiza Jumamosi na Jumapili wanaijua Manchester United kuliko wanavyoijua safu ya ulinzi ya timu ya kata yao. Wamebishana juu ya kila kocha tangu Ferguson aondoke. Sijasikia hata mmoja akibishana juu ya mwaka 2005. Mwaka huo familia ya Glazer ya Marekani iliinunua klabu hiyo kwa pauni milioni 790 hivi. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya kukopa, na mzigo wa mkopo ukatua juu ya klabu yenyewe. Elewa ujanja huo vizuri: mtu ananunua ng'ombe wako kwa mkopo, kisha ng'ombe ndiye anayelipa marejesho kwa maziwa yake. Kabla ya siku ile klabu haikuwa na deni. Miaka 20 imepita, riba imelipwa mamia ya mamilioni ya pauni, paa la Old Trafford limevuja mvua mbele ya kamera za dunia nzima, na deni bado lipo. Wewe unayelia kila Jumapili kwamba hawasajili kiungo wa maana, ulie kwanza kwa ajili ya hilo.

Hayo ya Ulaya niyaache kidogo. Wasomaji wengine wataniambia huko ni kwa Wazungu, wana mabenki yao na wanasheria wao. Turudi Jangwani.

Agosti 2016 Yusuf Manji, mwenyekiti wa Yanga wakati ule, alikwenda mbele ya mkutano wa wanachama na ombi ambalo lilikuwa halijawahi kusikika katika mpira wetu. Alitaka akodishwe timu na nembo kwa miaka 10. Faida ikipatikana, asilimia 75 iwe yake na asilimia 25 iwe ya klabu. Manji alifariki Juni 2024 huko Marekani, Mungu amrehemu, na sitaki kumsema marehemu kwa jambo ambalo hakulificha. Alisimama, akasema anachotaka, akasubiri jibu. Hilo peke yake ni heshima ambayo viongozi wengi hawajawahi kuwapa wanachama wao. Na fedha zake zilionekana. Yanga ilichukua ubingwa misimu mitatu mfululizo, 2014/15, 2015/16 na 2016/17.

Hasira yangu iko kwa ukumbi. Mkutano ulipitisha kwa shangwe. Nembo iliyozaliwa 1935, ikapita vita kuu ya pili, ikapita TANU, ikapita Azimio la Arusha, ikapita vita vya Kagera, ilikubaliwa kukodishwa kwa muda mfupi kuliko unaotumika kugombania bei ya mahari. Ni wangapi mle ndani walikuwa wameushika mkataba mkononi? Ni nani aliyeuliza mwaka wa 11 timu inarudi ikiwa na nini, wachezaji watakuwa wa nani, madeni yatakuwa ya nani? Mzee Ibrahim Akilimali wa baraza la wazee alipinga hadharani, na alichovuna ni kejeli na matusi. Walimwona mzee anayezuia maendeleo. Mpango ulikwama baada ya mamlaka za michezo kuhoji, na Mei 2017 Manji akajiuzulu.

Kilichofuata ndicho kipimo. Klabu iliyokuwa bingwa mara tatu mfululizo ikashindwa kulipa mishahara. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alikuwa anafundisha mpira asubuhi na kuchangisha fedha jioni, na neno lililotawala vijiweni likawa bakuli. Yanga inatembeza bakuli! Watani walicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi niliona aibu kwa niaba ya nchi, kwa sababu lile bakuli lilitueleza ukweli kwamba miaka yote ya ubingwa klabu haikuwa imejenga chanzo chake hata kimoja cha fedha. Ilikuwa imejenga uhusiano na mfuko wa mtu mmoja, na mfuko ulipoondoka ukaondoka na chakula.

Halafu lile jengo. Mwaka uleule wa 2017 jengo la makao makuu ya Yanga lilitangaziwa mnada kwa sababu ya deni la kodi ya ardhi lililoachwa likarundikana miaka na miaka. Halikuuzwa. Lakini kaeni na jambo hilo kidogo. Hapa hapakuwa na mkopo wowote, hapakuwa na benki. Lilikuwa ni deni la kodi ya kiwanja tu, ile kodi ambayo bibi mwenye kibanda Vwawa anaipangia foleni kila mwaka kwa kuogopa kunyang'anywa. Wenyeviti walikuja na suti zao, wakasajili wachezaji wa kigeni, wakapanda ndege, na hapakuwa na hata mmoja aliyefungua faili la ardhi. Upande wa pili msicheke: nyasi bandia za Simba zilikaa bandarini Dar es Salaam muda mrefu kwa ajili ya kodi, wakati uwanja wa Bunju zilikokuwa zinakwenda ulikuwa msitu wa ahadi. Uzembe hauna jezi.

Ndiyo maana nasema hatari ya kwanza kwa mali ya klabu si mkopo. Ni kiongozi asiyejua kwamba klabu ina mali. Mkopo unakuja baadaye kumkuta mtu huyo amekaa juu ya kabati ambalo hajawahi kulifungua.

Wapo watakaonijibu kwa hoja, na hoja yao nzito naiheshimu. Mpira ni fedha. Bila tajiri hakuna usajili, bila usajili hakuna ubingwa, bila ubingwa hakuna mdhamini. Biashara United ya Mara ilifuzu Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa timu ya Djibouti, na Oktoba 2021 ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na Al Ahly Tripoli. Ilikuwa imeshinda mechi ya kwanza nyumbani! Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017 kwa mbwembwe, ikashuka 2020 ikiwa hoi kifedha. Kwa hiyo mnaniuliza, ndugu mwandishi, unataka tufe masikini wenye hati kabatini?

Hapana. Sipingi kukopa. Kukopa ili ujenge jukwaa litakaloingiza watu elfu tano kila wiki kwa miaka 30, huko ni kukopa kwa mtu mzima. Jukwaa litabaki baada ya mwenyekiti kuondoka, tiketi zitalipa marejesho, na mjukuu wako atakaa pale. Nenda Lubumbashi, madereva wa malori wa Tunduma wanapita kila siku na wanaujua uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo. Ni wa klabu. Nenda Chamazi, Azam wamejenga nyumba yao kabla ya kutafuta sifa. Ninachopinga ni kuweka rehani kitu kinachodumu ili kununua kitu kinachooza. Jengo la miaka 50 dhidi ya mshambuliaji wa mkataba wa miaka miwili mwenye goti bovu. Kiwanja dhidi ya mishahara ya Machi. Ukimaliza kula, umebaki na njaa ileile na kiwanja kimekwenda.

Na wachezaji wenyewe wanageuka madeni. Mwaka 2024 FIFA ilizifungia Simba na Yanga kusajili, kila moja kwa wakati wake. Simba ilidaiwa na Teungueth ya Senegal fedha zinazomhusu Pape Ousmane Sakho, ambaye wakati huo alishauzwa na kuondoka. Yanga ilidaiwa na Mzambia Lazarous Kambole, mchezaji ambaye hata shabiki wa kindakindaki lazima akune kichwa kukumbuka alicheza mechi gani. Hizo ndizo klabu zetu mbili tajiri kuliko zote, zenye wadhamini kifua kizima na zenye kujaza Uwanja wa Mkapa. Zikidaiwa hizo, timu inayocheza daraja la kwanza mkoani kwenu ikidaiwa itajibu kwa nini? Uwanja si wake. Viwanja vingi vya mikoani, kuanzia Sokoine pale Mbeya, Kirumba, Majimaji ya Songea na vingine vingi, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Basi la kukodi. Ofisi ya kupanga. Dhamana pekee iliyobaki ni timu yenyewe.

Na timu yenyewe huuzwa. Hatuhitaji kwenda mbali. Ihefu ilitoka Ubaruku, Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga. Novemba 29, 2022 ilifanya jambo ambalo timu za Dar es Salaam zilishindwa: iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nyanda za Juu Kusini nzima ilishangilia, wenye baiskeli kwa wenye malori. Mwaka uliofuata ikaifunga Yanga tena, hapohapo nyumbani. Haikupita muda timu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikapewa jina jipya, Singida Black Stars. Hapakuwa na dalali pale, hapakuwa na mnada, na sisemi kuna sheria iliyovunjwa. Mwenye mali alifanya alichotaka na mali yake. Ila ulizeni wakulima wa mpunga wa Ubaruku waliokuwa wakiacha maji shambani ili wawahi uwanjani. Wao walikuwa nani katika mkataba ule? Hawakuwa kitu. Walipiga makofi kwenye nyumba ya kupanga.

Serikali ilipotoa utaratibu kwamba klabu za wanachama zikiingia mfumo wa hisa mwekezaji asizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na 51, wengi tulipumua. Simba iliingia njia hiyo. Desemba 2017 mkutano ulimpitisha Mohammed Dewji kwa bilioni 20, na mabishano juu ya bilioni hizo, zimeingia lini, zimekaa wapi, zimetumikaje, yakachukua miaka. Asilimia 51 ni jambo zuri. Wajerumani wana kitu kama hicho na klabu zao hazihamishwi kama meza ya mgahawa. Lakini asilimia 51 ya kitu kilichowekwa rehani ni asilimia 51 ya nini? Unaweza kumiliki hisa nyingi kuliko tajiri na bado ukaamka benki imeshika hati, kwa sababu aliyetia saini alikuwa mtendaji mwenye mamlaka ya kukopa hadi kiwango ambacho hamkukijua. Umiliki bila kura ya turufu juu ya rehani ni cheo cha heshima.

Nchi hii imeshaliona jambo hili kwenye ushirika. Chama cha Nyanza cha Mwanza kilikuwa na majengo mjini na vinu vya pamba, jasho la wakulima wa vizazi viwili. Madeni na ujanja wa viongozi vikavitafuna, vingine vikauzwa kwa bei za kuchekesha, mpaka serikali ikaingilia kurudisha baadhi yake. Mkulima wa pamba aliyelipia vile vinu kwa makato ya kila kilo hakuulizwa vilipokwenda. Nyie wenye AMCOS hapa Mbozi hamhitaji nieleze zaidi.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, wapenda mpira wa Itaka waache kukaa nyuma kwenye pikipiki wakichezea simu. Kiwanja cha mpira kipimwe, kiandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwamba ni cha michezo, na mipaka isimamishwe mawe, kwa sababu sasa hivi mwenye shamba la jirani anasogeza kahawa yake hatua mbili kila msimu na refa haoni. Timu isajiliwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Ikiwa na mali, iwe na wadhamini waliosajiliwa RITA, watu wenye majina yanayojulikana na nyumba zinazojulikana, wasiwe ndugu wa mwenyekiti. Na kwenye katiba kiingie kifungu kimoja kwa Kiswahili kisichohitaji wakili: hakuna mali ya klabu itakayowekwa rehani, kukodishwa au kuuzwa, wala mapato ya msimu ujao kuuzwa, bila theluthi mbili ya wanachama kupiga kura baada ya mkataba kubandikwa mahali pa wazi kwa siku 60. Benki inatupa siku 60. Mwenyekiti atupe hizohizo.

Na kifungu cha pili, hiki ndicho watakachokichukia. Anayeleta pendekezo la mkopo awe mdhamini wa kwanza kwa mali yake binafsi, na yeye auzwe kwanza klabu ikishindwa kulipa. Mtaona jinsi hesabu zitakavyoanza kupigwa kwa makini. Mtaona jinsi mshambuliaji wa goti bovu atakavyopelekwa kupimwa hospitali kabla ya kusajiliwa.

Tajiri atakimbia, mtasema. Tajiri wa kweli hakimbizwi na karatasi iliyonyooka, anaishi kwa karatasi hizo. Anayekimbia kwa sababu umemwomba mkataba ubandikwe ukutani alikuwa amekuja kwa sababu nyingine. Mji wa Bury kule Uingereza ulikuwa na klabu tangu 1885, bingwa wa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Desemba 2018 nayo ikauzwa kwa pauni 1, uwanja wake wa Gigg Lane ukiwa tayari umewekwa rehani, na kabla ya hapo mpaka nafasi za kuegesha magari uwanjani zilikuwa zimeuzwa kwa watu kama viwanja. Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi. Mashabiki hawakumsubiri tajiri mwingine. Walichanga, wakaomba fedha za umma, na mwaka 2022 wakaununua uwanja wenyewe, na safari hii hati iko kwa watu wa mji. Sasa timu inacheza madaraja ya chini, mbali na kamera, na watu wanaingia kwa maelfu.

Kuhusu viongozi wa mkoa wetu wa Songwe wanaoota timu ya Ligi Kuu, oteni, tunawaunga mkono. Mkoa huu uliozaliwa 2016 unastahili timu yake, isiwe ya kuazima Mbeya. Ila siku mtakapokuja kutuomba mchango wa kahawa, gunia kwa gunia kupitia AMCOS, njooni na ile katiba mkononi. Tutaanza kusoma kuanzia kifungu cha rehani, na mweka hazina aje na mashine ya risiti.